Bao la Maine lililofutwa Boston mwaka 2004: refa alikosea, au kanuni ndiyo iliyokuwa mbovu?

Swali: Ninaishi Portland, katika jimbo la Maine, Marekani. Kazini kwangu wenzangu wazaliwa wa hapa bado wanaizungumzia fainali ya hoki ya barafuni ya vyuo ya mwaka 2004, ambayo Chuo Kikuu cha Maine kilifungwa 1-0 na Denver baada ya bao lao kukataliwa. Wanasema kisahani, yaani kile kinachochezwa badala ya mpira, kiliingia wavuni waziwazi na hakuna aliyemchezea kipa vibaya. Je, refa aliwaonea? Na bao kama lile likifungwa leo, litahesabiwa?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na jibu lenyewe, kisha nilitolee sababu. Refa hakuwaonea Maine. Kwa kanuni iliyokuwa ikitumika siku ile, bao lile halikuwa bao, na picha za video zilionyesha hivyo. Hata hivyo wenzako hawalalamiki bure, kwa kuwa kanuni yenyewe ilikuwa mbovu, na bao la namna ile likifungwa leo katika hoki ya vyuo vya Marekani, kuna kila dalili kwamba litahesabiwa. Uamuzi wa refa ni jambo moja na ubora wa kanuni ni jambo jingine, na karibu kila mjadala kuhusu mchezo ule niliowahi kuusoma huyachanganya yote mawili, ndiyo maana watu hubishana kwa miaka bila kufika popote.

Mchezo wenyewe ulichezwa tarehe 10 Aprili 2004 katika ukumbi wa FleetCenter, Boston, ambao siku hizi unaitwa TD Garden. Ilikuwa fainali ya mashindano ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, na timu nne zinazofika hatua ya mwisho ya mashindano hayo huitwa kwa pamoja Frozen Four. Ili uelewe uchungu wa watu wa Maine, ni lazima ujue walikotoka. Timu yao ilikuwa imetwaa ubingwa mara mbili, mwaka 1993 na mwaka 1999. Mnamo Septemba 2001 ilimpoteza kocha wake Shawn Walsh, aliyefariki kwa saratani, na msimu huo huo, chini ya kocha Tim Whitehead, ikafika fainali na kufungwa na Minnesota 4-3 katika muda wa nyongeza, baada ya Minnesota kusawazisha ikiwa imebaki chini ya dakika moja ya muda wa kawaida. Miaka miwili baadaye wakarudi fainali tena, safari hii Boston, mji ulio karibu na kwao kiasi kwamba mashabiki waliweza kuja kwa gari. Langoni alikuwa Jimmy Howard, ambaye baadaye alidumu kwa miaka mingi katika ligi ya kulipwa ya NHL.

Katika kipindi cha kwanza, kabla timu yoyote haijafunga, Derek Damon wa Maine alikitia kisahani wavuni. Wachezaji wa Maine walishangilia, lakini waamuzi walikwenda kuangalia marudio ya video, na waliporudi bao likafutwa. Sababu haikuhusu kisahani wala gongo la Damon. Ilihusu kiatu cha mwenzake Mike Hamilton, ambacho kilikuwa ndani ya eneo la kipa. Baadaye katika kipindi hicho hicho Gabe Gauthier aliifungia Denver, na bao hilo moja likatosha kuipa ubingwa wa kwanza tangu mwaka 1969.

Eneo la kipa ni ile sehemu yenye umbo la nusu duara iliyopakwa rangi ya samawati mbele ya lango, ambayo mtu yeyote huiona mara moja anapotazama hoki. Lango lenyewe lina upana wa futi 6 na kimo cha futi 4, yaani takriban mita 1.8 kwa mita 1.2, na eneo hilo la samawati hutoka mbele ya mstari wa goli kwa umbali unaokaribiana na upana wa lango. Kanuni ya vyuo ya wakati ule ilikataza mchezaji anayeshambulia kuwa ndani ya eneo hilo kabla kisahani hakijafika humo. Akiwamo, na bao likafungwa, bao lilifutwa, isipokuwa kama alisukumwa humo na mchezaji wa timu pinzani au kwa sababu nyingine chache za namna hiyo. Haikuwa lazima amguse kipa au amzuie kuona, na wala haikujali kama mchezaji huyo alihusika na shuti lenyewe au hakuhusika. Ukingo wa kiatu chake ukionekana juu ya rangi ile, mambo yalikwisha.

Najua inasikika kama ukatili, lakini kanuni hiyo haikutungwa na watu wasioujua mchezo. Kipa wa hoki ya barafuni hucheza katika mazingira ambayo kipa wa kandanda hayajui. Kisahani ni kipande cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito wa gramu 156 hadi 170, na kikipigwa kwa nguvu huja kwa kasi ambayo jicho hukipata kwa taabu. Kipa hupiga magoti na kutandaza miguu ili aifunge sehemu ya chini ya lango, na anapokuwa katika hali hiyo mtu akimkwaruza kidogo tu kwenye bega, au akaweka kiatu chake pembeni mwa mguu wake, hawezi tena kusogea kutoka nguzo moja hadi nyingine. Washambuliaji waligundua zamani kwamba njia rahisi ya kufunga ni kumrundikia kipa watu mbele yake. Makipa waliumia, na mabao mengi yakafungwa katika vurugu ambayo refa, akiwa peke yake na jicho lake, hakuweza kusema kwa hakika ni nani alimzuia nani. Kwa hiyo waliotunga kanuni waliamua kuacha kuuliza swali gumu, yaani kama kipa alizuiwa, wakaweka swali jepesi lenye jibu la ndiyo au hapana: je, kuna kiatu kwenye rangi ya samawati? Swali hilo la pili hujibika kwa video, kwa kusimamisha picha na kutazama.

Hapo ndipo penye kasoro, na ndipo ninapokubaliana na wenzako wa Portland kwa moyo wote. Kanuni iliyowekwa ili kumlinda kipa iliishia kufuta mabao ambayo kipa hakuhitaji kulindwa. Mchezaji angeweza kuteleza na kukanyaga pembe ya mbali ya eneo lile, upande ambao kipa hakuwa na shughuli nao, na juhudi za wenzake watano zikapotea. Mbaya zaidi, hukumu haikumfuata aliyefanya kosa, bali ilimpata aliyefunga kwa halali. Damon hakuwa na la kujibu siku ile.

Ligi ya NHL ilikuwa imekwisha kulipitia tatizo hilo miaka mitano kabla, na kwa aibu kubwa zaidi. Mnamo Juni 1999, katika mchezo wa sita wa fainali ya Stanley Cup, kombe la ligi hiyo, uliochezwa Buffalo, Brett Hull wa Dallas alimfunga Dominik Hasek, kipa wa Buffalo, katika muda wa tatu wa nyongeza, na bao hilo likaipa Dallas kombe. Mguu wa kushoto wa Hull ulikuwa ndani ya eneo la kipa. Msimu mzima ule mabao ya namna hiyo yalikuwa yakifutwa, na watu wa Buffalo walitarajia nalo lifutwe, lakini ligi ilisema kwamba Hull alikuwa amekimiliki kisahani tangu kabla hajaingia, kwa hiyo bao ni halali. Wapo wanaoukubali ufafanuzi huo na wapo wasioukubali hadi leo. Kilichofuata hakina ubishi: kabla ya msimu mwingine kuanza, NHL iliachana na utaratibu wa kufuta mabao kwa sababu tu ya kiatu kilichokanyaga rangi, ikamwachia refa aamue kama kipa alizuiwa kweli. Vyuo havikufuata mkondo huo mara moja, na ndiyo maana mwaka 2004 wachezaji wa Maine walihukumiwa kwa kanuni ambayo wachezaji wa kulipwa walikuwa wamekwisha kuisahau. Nadhani hili ndilo linalowauma zaidi watu wanaoufahamu mchezo ule, kwamba ubovu wa kanuni ulikuwa umekwisha kuonekana na wote mbele ya kamera.

Sasa tuje kwa refa. Mtu anaposema refa aliwaonea Maine, anapaswa kuonyesha moja kati ya mambo mawili: ama kiatu hakikuwa ndani ya eneo, ama kilikuwa ndani kwa sababu ambayo kanuni yenyewe iliiruhusu, kwa mfano kusukumwa. Malalamiko mengi hayasemi lolote kati ya hayo. Yanasema kwamba kipa hakuzuiwa, na hilo huenda likawa kweli kabisa, lakini halikuwa swali ambalo refa aliulizwa. Angelikubali bao kwa kuwa moyo wake ulimwambia kiatu kile hakikumdhuru mtu, angekuwa ameitupa kanuni ambayo timu zote mbili zilichezea msimu mzima, na Denver wangekuwa na haki ya kulalamika kwa nguvu kuliko Maine. Binafsi naona uamuzi ule ulihitaji ujasiri, kwa sababu ulitolewa mbele ya ukumbi uliojaa, katika mji ambao mashabiki wengi walikuwa upande wa waliofutiwa bao.

Macho yetu hutudanganya katika jambo hili kwa pande zote mbili, kwa maana yapo pia mabao yanayoonekana haramu na kumbe ni halali. Mwaka 1996, katika hatua ya mchujo ya mashindano hayo hayo, Mike Legg wa Michigan alisimama nyuma ya lango la Minnesota, akakichota kisahani kwa ubapa wa gongo lake, akakiinua kikiwa kimelala juu ya ubapa huo, akazunguka nguzo na kukitumbukiza katika pembe ya juu ya wavu. Wengi waliokuwapo walidhani haiwezekani kitu kama kile kikaruhusiwa. Lakini kanuni ilikataza kukipiga kisahani kwa gongo lililoinuliwa juu ya mwamba wa lango, na yeye hakuuvuka mwamba. Bao likakubaliwa, Michigan ikashinda 4-3, na siku chache baadaye ikawa bingwa. Ajabu ya bao lile haikulifanya kuwa kosa, kama ambavyo uzuri wa bao la Damon haukulifanya kuwa halali.

Sehemu ya pili ya swali lako inahitaji uangalifu zaidi. Leo, katika hoki ya vyuo, kuwapo kwa mchezaji ndani ya eneo la kipa hakutoshi kufuta bao. Refa hujiuliza kama mchezaji huyo alimzuia kipa kusogea au kufanya kazi yake ya kuokoa. Hutazama kama waligusana, na kama waligusana, ni nani aliyemwendea mwenzake. Hutazama kama mshambuliaji aliingia kwa hiari yake au alisukumwa na beki. Hutazama pia kama kipa, baada ya kuguswa, alipata nafasi ya kujipanga upya kabla ya shuti kuja. Kwa hiyo kiatu kilichokanyaga rangi bila kumghasi kipa hakifuti chochote. Ikiwa maelezo ya wenzako ni sahihi, kwamba Adam Berkhoel, kipa wa Denver, hakuzuiwa, basi kwa kanuni ya leo Maine wangeongoza 1-0.

Nasema "ikiwa" kwa makusudi, kwa sababu kanuni ya sasa imerudisha lile swali gumu ambalo ile ya zamani ililikwepa. Kocha wa Denver angekuwa na haki ya kuomba video iangaliwe kwa madai kwamba kipa wake alizuiwa, akiweka rehani nafasi aliyonayo ya kusimamisha mchezo kwa mapumziko mafupi, na waamuzi wangelazimika kupima si mahali kiatu kilipokuwa tu, bali athari ya kiatu hicho kwa mwendo wa mtu mwingine. Katika jambo kama hilo waamuzi wawili wazuri, wakitazama picha ile ile, wanaweza kutofautiana. Mimi naichagua kanuni ya sasa bila kusita, kwa kuwa inauliza jambo ambalo kweli lina maana katika mchezo. Ila msomaji asidhani kwamba mizozo imekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wengi hawalijui kuhusu video. Video haitumiki kuuchezesha mchezo upya. Huanza na uamuzi uliotolewa uwanjani, na huubadilisha tu pale picha zinapoonyesha kinyume chake kwa namna isiyoacha shaka. Zipo kamera juu ya lango zinazoutazama mstari mwekundu wa goli kwa wima, lakini kipa akiangukia kisahani na kukifunika kwa glavu au kwa kinga ya mguu, kamera hizo huona mgongo wa kipa na basi, na uamuzi wa mwanzo hubaki, uwe mzuri au mbaya. Yapo pia mambo ambayo video haina uwezo nayo. Mwaka 2010, Michigan ilipocheza na Miami ya Ohio katika mchujo huko Fort Wayne, kisahani kiliingia katika lango la Miami kwenye muda wa nyongeza, lakini refa alikuwa amekwisha kusimamisha mchezo. Filimbi ikishapulizwa, kinachotokea baadaye si mchezo tena, na picha safi kiasi gani haziwezi kukirudisha. Miami wakafunga baadaye na kushinda 3-2. Ukilinganisha, naona Michigan siku ile walikuwa na sababu nzuri zaidi ya kunung'unika kuliko Maine, kwa kuwa walikatizwa na filimbi ya mtu mmoja na hapakuwa na pa kukata rufaa, ilhali Maine walikatizwa na maandishi ambayo kila mmoja aliyajua tangu mwanzo wa msimu.

Wenzako pia husema, bila shaka, kwamba Maine walinyang'anywa kombe. Hapa siwezi kuwafuata. Bao lile lilifutwa katika kipindi cha kwanza cha mchezo wa dakika 60. Lingekubaliwa, Denver wangecheza kwa namna nyingine kuanzia dakika ile, na Maine vilevile, na hakuna anayeweza kuziandika dakika zilizobaki kwa kukisia. Tena Maine walipata nafasi ambayo ni nadra kuiona katika fainali. Mwishoni kabisa wachezaji wawili kati ya watano wa Denver walio mbele ya kipa walikuwa katika benchi la adhabu kwa wakati mmoja, na Whitehead akamtoa Howard langoni ili aongeze mshambuliaji, hivyo Maine wakawa na wachezaji sita dhidi ya watatu na kipa. Kwa zaidi ya dakika moja kisahani kilizunguka mbele ya Berkhoel, na wale watatu wa Denver wakawa wanajitupa mbele ya mashuti kwa miili yao huku hawana nguvu hata ya kubadilishwa. Kisahani hakikuingia. Berkhoel alimaliza akiwa ameokoa mashuti 24 bila kufungwa. Mimi huiona dakika ile kuwa mojawapo ya dakika kubwa kabisa za ulinzi katika hoki ya vyuo, na inanisikitisha kwamba mazungumzo ya kiatu cha Hamilton yameifunika, kwa maana walioicheza walistahili kukumbukwa kwayo.

Wapo pia waliofutiwa bao na bado wakashinda. Katika mchezo wa Minnesota Duluth na North Dakota uliochezwa Fargo mwezi Machi 2021, Duluth walidhani wameshinda katika muda wa kwanza wa nyongeza, kisha video ikaonyesha kwamba mchezaji wao aliotea, yaani aliuvuka mstari wa buluu wa eneo la mashambulizi kabla ya kisahani. Bao likafutwa. Walirudi kucheza, wakapitia vipindi vinne zaidi vya nyongeza, na Luke Mylymok akafunga bao la 3-2 baada ya dakika 142 na sekunde 13 za mchezo, mrefu kuliko wowote katika historia ya mashindano hayo. Bao lililofutwa ni pigo, lakini timu inayolipokea pigo hilo bado ina mchezo mikononi mwake.

Swali moja ambalo hukuliuliza, ila najua litakufikia kazini ukiwapa majibu haya, ni kama matokeo yanaweza kubadilishwa sasa kwa kuwa kanuni imebadilika. Hayawezi. Mchezo huhukumiwa kwa kanuni za siku uliyochezwa, na uamuzi wa waamuzi kuhusu bao huwa wa mwisho pindi kisahani kinapowekwa tena katikati na mchezo kuendelea. Kumbukumbu za NCAA zitaendelea kusomeka Denver 1, Maine 0.